Gari la Saa Sita Usiku Lapita Bombo

Mwenye kibanda kimoja cha video mjini Bombo alikuwa na shida ambayo kila mwenzake Uganda anaijua: siku zisizo na mpira, benchi hulala tupu. Wikendi, Ligi Kuu ya Uingereza humjazia nyumba mpaka watu wanasimama mlangoni. Filamu za ngumi na bunduki zilizoongelewa Kiganda na vijei wakubwa wa Kampala, wale watu wa kutafsiri filamu kwa maiki, akina VJ Jingo na VJ Junior, zamani ndizo zilizomlisha, ila siku hizi kila kijana anazo kwenye simu. Anakwenda kwa wale wa kujaza memori kadi, analipa pesa kidogo, anaangalia akiwa kitandani. Mwenye kibanda akaona ajaribu kitu ambacho simu haina: jioni ya Kiswahili, vijei akiwa mlemle ndani na maiki yake, filamu ikiongelewa papo kwa papo. Kiingilio shilingi 1,000.

Mji wenyewe unafaa kwa jaribio la namna hiyo. Bombo iko kaskazini mwa Kampala, kwenye barabara ya Gulu, na kambi ya jeshi imekuwa pale tangu enzi za Mwingereza. Wakazi wake wengi ni Wanubi, wazao wa wale askari wa Sudan ambao Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891. Nyumbani wanaongea Kinubi, sokoni Kiganda, na Kiswahili kinapita katikati kwa sababu ya kambi. Waongeze wake wa askari kutoka Arua na Koboko, na wachuuzi wa vitenge kutoka Kongo, utapata watu wa kutosha kujaza benchi.

Lakini Kiswahili Uganda hakiingii mahali bila kuulizwa kimetoka wapi. Rais Idi Amin alikifanya lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na kwa Waganda wengi kikabaki lugha ya mtu mwenye bunduki anayekuamrisha ushuke kwenye gari. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Karatasi zimekwenda mbele, mioyo inakuja nyuma polepole. Tangazo la "Leo Kiswahili" lilipobandikwa mlangoni, vijana wawili wa boda walisimama wakauliza kama jeshi linaandikisha.

Mimi niliombwa kuchagua filamu. Nikataja "Midnight in Paris". Mwenye kibanda alitaka kujua anakufa nani. Nikamwambia hakuna. Anapigwa nani? Hakuna. "Sasa mzee, watu watakuwa wanatazama nini?" Nikamwambia watatazama mtu anayepanda gari la usiku na kushukia mwaka mwingine. Alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba wiki ya pili achague yeye.

Kwa ambaye hajaiona, filamu ni ya 2011, imeandikwa na kuongozwa na Woody Allen, na mwaka uliofuata ilimpa Oscar ya uandishi. Gil Pender (Owen Wilson) ni mwandishi wa filamu za Hollywood, analipwa vizuri na anajidharau. Yuko Paris na mchumba wake Inez (Rachel McAdams) pamoja na wakwe watarajiwa, kwa kuwa baba mkwe ana dili la biashara huko. Ana riwaya ambayo haimaliziki, inayomhusu mtu anayefanya kazi kwenye duka la vitu vya zamani. Anaamini amezaliwa kwa kuchelewa: Paris yake ni ile ya miaka ya 1920, ya waandishi na wachoraji na mvua. Usiku mmoja, amelewa na kupotea njia, anakaa kwenye ngazi za kanisa. Kengele inagonga saa sita. Peugeot ya kizamani inapanda kilima, waliomo wanampungia mkono, anaingia. Anashushwa kwenye karamu ambayo Cole Porter anapiga piano, na mume na mke wanaomsalimia wanasema majina yao ni Scott na Zelda Fitzgerald, yule mwandishi maarufu na mkewe.

Hakuna mashine, hakuna mwanasayansi, hakuna maelezo. Gari linakuja saa sita, basi. Hilo peke yake lilimwondolea vijei nusu ya kazi.

Huko anampenda Adriana (Marion Cotillard), ambaye kwa wakati huo yuko na mchoraji Picasso. Kumbe Adriana naye ana ugonjwa uleule. Miaka ya 1920 anaiona ya kawaida, inakwenda mbio mno. Roho yake iko Paris ya miaka ya 1890. Usiku mmoja gari la farasi linawachukua wote wawili mpaka huko, wanakutana na wachoraji Toulouse-Lautrec, Gauguin na Degas, na hao wanalalamika kwamba zama zao hazina kitu, heri wangeishi wakati wa Michelangelo. Hapo ndipo Gil anapozinduka. Adriana anachagua kubaki. Gil anarudi, anaachana na Inez, ambaye alikwisha kulala na Paul, yule jamaa mjuaji wa kila kitu, na filamu inaishia darajani kwenye mvua na msichana wa Kifaransa anayeuza sahani za santuri za zamani.

Vijei wetu ni kijana wa Kisenyi, Kampala, mama yake Mkongomani. Kiswahili chake ni cha mtaani na kinabeba kila kitu. Tulizungumza mapema kuhusu yale majina. Mtu wa Bombo hana sababu ya kumjua mwandishi Gertrude Stein, na kumweleza kungeua filamu. Akaamua asieleze mtu yeyote, awape vyeo. Stein, kwa kuwa anakaa kitini na kila mtu anamletea kazi yake aihukumu, akawa Mama Mkubwa. Paul akawa Profesa, kwa sauti ya kuvuta pua. Mwandishi Hemingway akawa Afande.

Zile dakika tatu na nusu za mwanzo ndizo nilizoziogopa. Ni picha za Paris tu, asubuhi mpaka usiku, jua halafu mvua, saksafoni ya Sidney Bechet ikilia, hakuna binadamu anayesema neno. Kibandani ukimya wa namna hiyo ni watu kuanza kutafuta viatu. Vijei alifunga leso kwenye maiki ili isipige kelele za pumzi, akaweka dole gumba kwenye kitufe cha sauti cha mixer yake ndogo, akageuka mwendesha boda. "Haya abiria, shika vizuri. Kulia kwako hapo ni makaburi ya wakubwa wao. Kushoto wanauza chai kikombe kimoja bei ya mbuzi. Tunavuka mto, usiangalie chini." Kila picha ilipobadilika alikata kona. Kila alipotaka kumeza mate alipandisha saksafoni. Mvua ilipoanza pale Paris alisema, "Hapa abiria nakushusha, tope," na watu wakacheka kwa mara ya kwanza.

Mvua, kwa kweli, ilikuwa tatizo la filamu nzima. Gil anashikilia kwamba Paris inapendeza zaidi ikinyesha, na anataka kutembea bila mwavuli. Kwa Woody Allen hiyo ndiyo alama ya moyo wa kimapenzi: Inez hataki kulowa, msichana wa santuri hajali. Kibandani Inez alipata kura zote. Mtu mzima, ana nauli, gari lipo, halafu atembee kwenye mvua? Mama mmoja wa Koboko alisema kwa sauti kwamba huyo binti amwache haraka, mwanaume wa namna hiyo hatajenga.

Hemingway aliwashika. Katika filamu anaongea sentensi fupifupi, anamkazia mtu macho, mada zake ni vita, kifo, ushujaa na kuwinda. Benchi ya mbele walikaa wazee wastaafu wa jeshi, na wao walimtambua papo hapo: kila kambi ina mmoja. Vijei alipowaambia kwamba Afande huyu aliwahi kuanguka na ndege Uganda, nusu ya ukumbi ilidhani anatia chumvi. Nililazimika kusimama kumtetea. Januari 1954 ndege ndogo aliyopanda na mkewe iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison ikaanguka. Waliokolewa na boti, wakapelekwa Butiaba kwenye Ziwa Albert, wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto wakati wa kuruka. Magazeti ya dunia yalikwisha kumtangaza marehemu. Yeye alisoma tanzia zake mwenyewe. Mzee mmoja wa upande wa Masindi akathibitisha kwamba habari hiyo anaijua tangu utotoni. Kuanzia hapo kila Hemingway alipotokea watu walimpigia saluti.

Sasa nije kwenye hereni, maana hapo ndipo jioni ilipogeuka. Gil anataka kumpelekea Adriana zawadi. Anafungua vitu vya Inez, anachukua hereni zake, anajiandaa kuondoka. Inez na wazazi wake wanarudi hotelini ghafla, baba kifua kimembana. Inez anatafuta hereni zake, hazipo, na kabla hata ya kutafuta mara ya pili ameshajua mwizi: mfanyakazi wa usafi. Gil anababaika, anamtetea mfanyakazi, anaambiwa siku zote yuko upande wa watumishi, kisha anajifanya amezikuta bafuni. Imekwisha. Woody Allen anaitumia kwa kicheko tu, mlango unafunguliwa na kufungwa, Owen Wilson anatokwa jasho.

Ukumbi haukucheka. Kwa kawaida wanawake hawaendi kibandani, ila jioni ile walikuja, wakiongozwa na Hajati mmoja mwenye duka la vyombo, na wakakaa nyuma pamoja. Miongoni mwao walikuwamo waliowahi kufanya kazi za ndani Kampala. Vijei aliacha kutafsiri kabisa, akasema: "Kitu kimepotea nyumbani. Nani kachukua?" Wakajibu kwa pamoja, "Msichana wa kazi!" Gil aliyekuwa kipenzi chao kwa nusu saa nzima alipoteza kila kitu hapo. Mtu anaiba kwa mchumba wake ili akahonge kwenye mwaka mwingine, na anayekaribia kufukuzwa kazi ni binti ambaye hata jina lake hatukuambiwa. Hajati alisema, "Kumbe hiyo safari ya bure kuna anayeilipia."

Nimesoma maoni mengi kuhusu filamu hii na sikumbuki mchambuzi aliyesimama hapo. Wote wanakimbilia ule mnyororo: Gil anatamani 1920, Adriana 1890, wachoraji wa 1890 wanatamani zama za nyuma zaidi, kwa hiyo kila mtu hudhani dhahabu iko kwa jirani wa nyuma. Ni wazo zuri, limepangwa kwa ufundi, na filamu inalitamka waziwazi kupitia mdomo wa Gil, labda kwa uwazi mno. Lakini wazo hilo linamhusu mtu anayetamani wakati ambao hakuuishi. Bombo wanatamani walichokuwa nacho mkononi kikawaponyoka. Hilo tuliliona taa zilipowashwa.

Vijei, ili watu wakae wanunue soda, akauliza swali: "Gari limefika. Saa sita kamili. Unamwambia dereva mwaka gani?"

Mstaafu mmoja wa benchi ya mbele alikuwa na jibu tayari. "1975. Mwezi wa saba." Nao wakuu wa nchi za Afrika walikuja kweli Kampala Julai ile kwa mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Akaeleza barabara zilivyofagiliwa, hoteli ya Nile Mansions ikiwa mpya inang'aa, magari marefu meusi, gwaride. Mkimbiaji Akii-Bua alikuwa bado ndiye jina la nchi, dhahabu yake ya mita 400 kuruka viunzi, Munich 1972, na rekodi ya dunia, sekunde 47.82. Mwaka huohuo wa 1975 Afrigo Band ilianzishwa. Yeye mwenyewe alikuwa kijana, sare imepigwa pasi, mshahara unatosha. Hakusema uongo hata mmoja.

Mzee mwingine, mnunuzi wa kahawa wa huko ndani Luweero, Mganda anayeongea Kiswahili cha biashara, akauliza bila kusimama: "Afande, mimi niko wapi kwenye 1975 yako?" Baba yake alikwenda Kampala mwaka 1973 kufuatilia hati ya gari, hakurudi. "Ukifika huko na gari lako, pita Nakasero, umuulizie." Kila mtu mle ndani alijua Nakasero inamaanisha nini: State Research Bureau, polisi wa siri wa Amin.

Mstaafu akapanda sauti. "Mimi Nakasero sikukanyaga! Mimi nilikuwa bendi! Nilipiga tarumbeta!"

Watu wakacheka, ikaokoa hali, ila mnunuzi wa kahawa hakucheka, akasema hata huko Nakasero muziki ulisikika. Mwenye kibanda akaanza kukusanya chupa.

Nadhani mstaafu alikuwa na haki ya 1975 yake, na nadhani mnunuzi wa kahawa alikuwa na haki ya kumharibia. Ule mwaka mmoja ulikuwa na mji uleule wenye milango miwili. Filamu inamruhusu Gil aingie kwa mlango wa karamu peke yake. Anafika Paris ya 1920 amevaa vizuri, ni Mmarekani, mzungu, ana pesa, na kila mtu anamkaribisha bila kumuuliza umetoka wapi. Jambo la pekee linalomtisha huko ni la hospitali: anaota amekwenda kwa daktari wa meno na hakuna ganzi, wala antibiotiki hazijavumbuliwa. Ni utani mzuri. Kwa Hajati haukuwa utani. Alimgeukia mstaafu.

"Sukari ulikuwa unapata wapi wewe?"

"Kambini."

"Sisi tulipanga foleni. Sukari, chumvi, sabuni. Kiwanda cha Kakira kimekufa, cha Lugazi kimekufa, mafutamingi, yule tajiri mpya, ndiye ana gunia chini ya kitanda."

Waliokuwa vijana mle ndani walidhani Hajati yuko upande wa mnunuzi wa kahawa. Haikuwa hivyo, na ndiyo maana namwona yeye kuwa mchambuzi bora wa jioni ile. Hajati ni Mnubi. Miaka ya 1970 watu wake walikuwa karibu na serikali, na baba yake alijenga. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walipomwondoa Amin, Wanubi wa Bombo walilipishwa kwa pamoja, aliyekosa na asiyekosa: nyumba ziliporwa, watu wakakimbilia Sudan, Zaire na Kenya. Wengine walirudi baada ya miaka mingi wakakuta watu wengine wanaishi humo. Kwa hiyo alisema hivi, nayanukuu kama nilivyoyasikia: "Mimi 1975 nakwenda. Nyumba ya baba ilikuwa na bati jipya. Lakini yule kijana wenu kila asubuhi anarudishwa hotelini. Mimi nani atanirudisha kabla 1979 haijafika?"

Hapo ndipo udhaifu wa filamu ulipo, na sikuwahi kuuona kwa uwazi namna hiyo. Gil hakai. Anakunywa, anasomewa riwaya yake na Mama Mkubwa, anabusiwa, na alfajiri yuko kitandani kwake pamoja na chakula cha asubuhi kinacholipwa na mkwe. Wale anaowaacha kwenye karamu wana 1940 yao mlangoni. Wajerumani waliingia Paris Juni mwaka huo. Stein, Myahudi, aliishi miaka ya vita mashambani Ufaransa. Fitzgerald alikufa Desemba 1940, hana kitu, akiwa Hollywood kulekule alikokimbia Gil. Zelda, ambaye filamu inamwonyesha akitaka kujitupa mtoni na Gil akampa kidonge cha kutuliza, alikufa kwenye moto wa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1948. Gil anajua yote haya, amesoma vitabu, na hamwambii mtu. Katika usiku wote ule mtu ambaye Gil anamsaidia kwa vitendo ni mtengeneza filamu Buñuel, kwa kumpa wazo la hadithi. Angeweza angalau kumwambia Scott apunguze pombe.

Sisemi filamu ingekuwa bora kama ingekuwa na huzuni zaidi. Ni ya vichekesho, dakika 94, na wepesi wake ndio ufundi wake. Lile tukio la mpelelezi aliyetumwa na mkwe kumfuatilia Gil, akaishia kwenye kasri la wafalme huku walinzi wakimfukuza, lilibomoa ukumbi. Ninachosema ni kwamba wepesi huo una masharti. Unahitaji mtu ambaye yaliyopita hayamdai.

Walimu hawawezi kukaa kimya, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari moja ya hapo alitaka 1962, Makerere, mwezi wa Juni. Nilikuwa nalisubiri jibu hilo, kwa sababu ndilo linalofanana zaidi na safari ya Gil. Mwezi ule waandishi Achebe, Soyinka na Ngũgĩ, wote vijana, walikutana kilima kimoja Kampala, na mshairi Langston Hughes akaja kutoka Marekani. Miezi minne baadaye Uganda ikapata uhuru. Mtu angeweza kushuka kwenye gari pale chuoni akakuta meza nzima ya watu ambao vitabu vyao atavifundisha maisha yake yote. Tatizo ni kwamba mkutano ule uliitishwa kwa waandishi wanaoandika Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulisema hilo baadaye kwa uchungu: yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache, alikuwa na kiti, Shaaban Robert, mwenye maktaba nzima ya Kiswahili, hakuwa nacho. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Mwalimu alilijua hili. Nilipomkumbusha alisema yeye angesimama mlangoni na kitabu cha Shaaban mkononi mpaka wamfungulie. Hilo nalo, ukilitazama vizuri, limekwisha kuacha kuwa safari ya Gil: mwalimu anakwenda kudai.

Jibu la mwisho ndilo lililonibakia. Binti anayechoma chapati mbele ya kibanda alikuwa ameingia bure nusu ya pili, amempakata mtoto wa miaka minne hivi, amelala. Vijei akamuuliza kwa mzaha. Akajibu upesi, "Machi 2020." Watu wakaguna, nani anataka kurudi Korona? Akasema yeye hataki Korona, anataka siku moja kabla. Alikuwa S.2, yaani kidato cha pili. Shule zilifungwa Machi ile, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na zilipofunguliwa yeye alikuwa tayari na tumbo. Hakuomba karamu, hakuomba kukutana na mtu mashuhuri. Ameomba dereva amshushe njia panda.

Kuna aina mbili za filamu za mapenzi zinazochezea wakati, na nilizijua zote mbili kabla ya jioni ile, ila nilikuwa nazipanga vibaya. Katika aina ya kwanza mtu anatembelea wakati wa watu wengine, anaangalia, anarudi amepata somo. Katika aina ya pili anarudi kwenye maisha yake mwenyewe kurekebisha. Niliiona ya pili kuwa nyepesi, ya kubembeleza watazamaji. Ukumbi wa Bombo ulipewa filamu ya aina ya kwanza ukaijibu kwa aina ya pili karibu wote, ukimwacha mstaafu na tarumbeta yake. Hata yeye sina hakika. Mtu anayetaka kupiga tarumbeta ileile, Julai ileile, pengine anataka kuusimamisha mwaka usisonge.

Kwa hiyo mwenye kibanda aliponiambia nichague tena, akiwa amesahau lile sharti lake la zamani, nilimtajia "About Time", filamu ya Richard Curtis ya 2013. Kijana wa Kiingereza anaambiwa na baba yake kwamba wanaume wa ukoo wao wanaweza kurudi nyuma, ila ndani ya maisha yao wenyewe tu. Anaanza kwa kurekebisha mambo madogo, busu lililokosewa, maneno aliyoyasema vibaya kwa msichana. Kisha inafika sheria inayouma: akishapata mtoto, akirudi nyuma kabla ya mtoto kutungwa, akirejea anakuta mtoto mwingine. Anajaribu mara moja, kwa ajili ya dada yake, na anakuta kitandani si yule aliyemwacha.

Vijei ameshaiona. Alinipigia simu kuniuliza juu ya yule binti wa chapati, kwa sababu anajua ataketi palepale na mtoto palepale, na maiki iko mkononi mwake yeye. Anaweza kulipita tukio hilo haraka, apandishe muziki, amtanie baba wa kijana. Vijei wengi wangefanya hivyo. Nilimshauri aliongelee neno kwa neno, bila utani, na kabla ya hapo amweleze binti filamu inahusu nini, aamue mwenyewe kama anakuja. Amekwenda kumweleza. Binti amesema atakuja, na kwamba mtoto atamwacha kwa bibi yake jioni hiyo.

Mwenye kibanda amebandika tangazo jipya. Kiingilio kimepanda kuwa 1,500, mstaafu ameshalalamika, na ameomba kabla filamu haijaanza wawekewe tena kile kipande cha Hemingway.